Kabla ya Uchungu Kuanza: Namna ya Kupanga Mahali pa Kujifungulia Kijijini

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 63 ya watoto nchini Tanzania walizaliwa kwenye vituo vya kutolea huduma za afya. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 81. Hao waliobaki si kwamba hawajasikia. Habari ya kujifungulia kituoni imeshasemwa redioni, kwenye mikutano ya kijiji na kliniki, na karibu kila mjamzito huhudhuria kliniki walau mara moja. Anayejifungulia nyumbani leo, mara nyingi, ni mtu aliyekusudia kwenda akakwama: uchungu umeanza saa nane usiku, mume yuko machimboni, bodaboda hapokei simu, mto umejaa, na kanga za kubeba hana.

Mwongozo huu ni wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii (WAJA), wenyeviti wa vitongoji, na familia yoyote yenye mjamzito. Kazi ni kuutazama usiku ule wa uchungu kabla haujafika, kisha kurudi nyuma mwezi kwa mwezi na kuondoa kila kinachoweza kukwamisha. Hotuba za umuhimu wa kituo hazimo.

Pata tarehe, kisha ioanishe na msimu

Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Hedhi iliyoanza 10 Juni inatoa 17 Machi ya mwaka unaofuata. Watoto wachache huzaliwa siku yenyewe, kwa hiyo chukulia kwamba anaweza kuja wakati wowote kuanzia wiki tatu kabla ya tarehe hiyo hadi wiki mbili baada yake. Mipango yote iwe tayari ifikapo mwanzo wa kipindi hicho.

Hesabu huharibika mapema, hapahapa. Mwanamke aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha huenda hakuona hedhi kabisa. Mwingine ukimdai tarehe atakutajia yoyote ili muendelee. Muulize kwa matukio: ilikuwa kabla au baada ya Idi? Mahindi yalikuwa yamefika magotini au yameshatoa mbelewele? Watoto walikuwa wamefunga shule? Halafu linganisha na kimo cha tumbo kinachopimwa kliniki. Kama kuna ultrasaundi, ya kabla ya wiki ya 24 ndiyo ya kutegemea. Ile ya mwezi wa nane inaweza kukosea kwa wiki mbili tatu. Ndiyo sababu kubwa ya kuhimiza hudhurio la kwanza kabla ya wiki 12, na watu huisahau: mwenye kuanza kliniki mwezi wa sita ameshapoteza nafasi ya kujua tarehe yake.

Ukishaipata, ulizia mahali mama atakapokuwa wakati huo. Daftari la kijiji linaonyesha nyumba yake; halionyeshi kibanda cha shambani. Bonde la Kilombero ni mfano mzuri. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashambani na kukaa huko wiki kwa wiki, mbali na barabara, hadi mavuno. Daraja la Magufuli lililozinduliwa 2018 liliwaondolea watu wa Ulanga na Malinyi adha ya kivuko cha kwenda Ifakara, lakini halimsaidii mama aliye katikati ya mpunga, maji magotini, akihitaji kwanza kufika barabarani. Hali ni hiyohiyo kwa mke wa mfugaji aliyehama kufuata malisho, na kwa familia za wavuvi zilizo dago, yaani kwenye kambi za muda za uvuvi. Kwa mtu wa namna hii swali la kwanza ni lini atarudi kijijini. Liandikwe tarehe, na mumewe alisikie.

Kituo kipi?

Kilicho karibu si lazima kiwe ndicho. Angalia kadi ya kliniki kwanza. Ina sehemu ya vidokezo vya hatari, na yeyote kati ya hawa apangiwe hospitali au kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji na damu, hata kama zahanati iko jirani: aliyewahi kupasuliwa, aliyewahi kutokwa damu nyingi au kondo la nyuma kukwama, aliyezaa mtoto mfu au aliyefariki siku za mwanzo, mwenye mimba ya tano au zaidi, msichana mdogo, mwenye mimba ya kwanza akiwa amevuka miaka 35, mwenye kimo chini ya sentimita 150, mlemavu wa nyonga, mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au upungufu mkubwa wa damu, mwenye mapacha au mtoto aliyekaa vibaya.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba asiye na alama yoyote yuko salama popote. Kutokwa damu baada ya kujifungua humpata hata mwanamke ambaye kadi yake ni safi tangu mwanzo, na anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Ndiyo maana hata kwa mimba isiyo na kasoro, mahali pa kujifungulia pawe na mtu anayejua kuzuia damu na dawa ya kuzuia.

Basi nenda zahanati ukaulize, mchana, bila kelele, ukiwa na mjamzito mwenyewe au mumewe. Nani analala hapa usiku? Akienda semina au kufuata mshahara mjini, nani anabaki na ufunguo? Taa ni ya nini, sola au tochi ya simu? Oksitosini, ile dawa ya kuzuia damu, ipo, na inakaa kwenye jokofu? (Dawa hii inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, iliyokaa wiki kadhaa kabatini kwenye joto la Kilosa au Rufiji hupungua nguvu, na sindano itachomwa bila damu kukata.) Kuna mfuko na kinyago cha kumsaidia mtoto asiyepumua? Mashine ya presha inafanya kazi? Maji yanatoka wapi?

Muuguzi mzuri hatachukia maswali haya, maana ndiyo anayoyalalamikia kila mwezi kwa mganga mkuu. Majibu yakiwa mabaya, mpange mama kwenye kituo kinachofuata. Kuna vijiji ambako wanawake huruka zahanati na kwenda hospitali ya mbali, na wakubwa huwalaumu kwa kuvuruga ngazi za rufaa. Mara nyingi wanawake hao wamefanya uamuzi wa busara kuliko ramani ya wilaya. Kilichowaponza ni kuufanya wakiwa tayari na uchungu.

Nani atasema "twende"

Katika kaya nyingi mjamzito si msemaji wa mwisho. Kuna mume, kuna mama mkwe, kuna mkunga wa jadi anayeheshimika. Ruhusa ikisubiri uchungu uanze, saa mbili tatu zitapotea kwa kutafutana. Ruhusa itolewe mapema, mbele ya mtu wa tatu, kwa maneno mafupi: "Uchungu ukianza nikiwa sipo, aondoke, asinisubiri." Mume aliye machimboni au kambini aipige simu hiyo kwa mama yake mwenyewe, si kwa mkewe tu, kwa sababu mkewe akisema "mume kaniruhusu" saa nane usiku, neno lake peke yake linaweza lisitoshe.

Mama mkwe hatakiwi kuzungukwa. Yeye ndiye atakayekuwepo. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

"Nimekuja kwa ajili ya mkamwana wako, mama. Mwezi wake umekaribia."

"Aa, mimi nimezaa saba, wote humu ndani. Hospitali ya nini?"

Hapa WAJA wengi huanza kufundisha, na mlango unafungwa. Usibishane na watoto saba walio hai. Mpe heshima yake, kisha uliza:

"Hongera mama, Mungu alikuvusha. Kati ya hao saba, kuna uliyesumbuka naye?"

Karibu kila mara yupo. "Huyo wa tatu. Damu ilitoka mpaka nikazimia."

"Pole, mama. Na hii ya mkamwana hatuijui itakuwa kama ipi. Naomba uwe wewe wa kumsindikiza, uchungu ukianza muondoke wote."

Umemwachia nafasi yake badala ya kumpokonya. Msindikizaji aliyezaa ni msaada mkubwa kwa mjamzito, na pia ndiye atakayekumbuka kubeba chai.

Msichana asiye na mume ana kikwazo cha namna yake. Kliniki nyingi humtaka mjamzito aje na mwenza siku ya kwanza, kwa ajili ya vipimo vya pamoja. Nia ni njema, lakini asiye na mwenza, au aliyekataliwa mimba, huambiwa alete barua ya mwenyekiti, akaona aibu, akabaki nyumbani. Utaratibu wa kuja na mwenza si sababu ya kumnyima mtu huduma. WAJA amsindikize mwenyewe, aongee na muuguzi pembeni. Kama ni barua, mwenyekiti aiandike siku hiyohiyo bila kudai chochote na bila kuuliza baba wa mimba ni nani mbele ya watu.

Pesa: ipi inahitajika na ikae wapi

Sera ya serikali ni kwamba huduma za uzazi kwenye vituo vya umma ni bure. Pamoja na hayo, familia hutumia fedha, na afadhali iambiwe ukweli huo mapema kuliko kuahidiwa bure kisha ikaaibika mapokezi. Hesabu vitu vinne: nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili, kwa bei ya usiku, chakula cha mama na msindikizaji, vifaa ambavyo kituo kitaagiza, na akiba ya rufaa, yaani fedha ya kula na kulala ikiwa mama atapelekwa hospitali ya mji usio na ndugu.

Jumla ikiwa, tuseme, shilingi 84,000 na zimebaki wiki 24, ni shilingi 3,500 kwa wiki. Kiasi hicho kinawezekana kwenye kibubu au kikoba. Zikibaki wiki 6 ni 14,000 kwa wiki, na kwa kaya nyingi hapo mpango umekufa. Penye mavuno, tenga mara moja: debe mbili za mahindi au kuku watatu wenye jina la mtoto, wasiuzwe kwa kazi nyingine. Vikoba viweke kifungu cha mkopo wa uzazi unaotolewa siku hiyohiyo bila kikao, maana kikao cha Jumamosi hakimsaidii mwenye uchungu wa Jumanne.

Fedha ikiwa yote kwenye simu ya mume, na namba ya siri anaijua yeye tu, ni sawa na haipo. Hata ikiwa kwenye simu ya mama mwenyewe, wakala amefunga saa tatu usiku. Nauli ya kufika kituoni iwe taslimu, kwa noti ndogo, ndani ya mfuko wa vifaa. Nyingine ibaki kwenye simu.

Mfuko wa vifaa

Ulizia kituo kwanza kina nini, maana orodha hutofautiana na hakuna haja ya kununua kilichopo. Pale ambapo kuna uhaba, mama hujiandaa na glavu jozi tano au sita, makintoshi au nailoni nzito ya mita mbili ya kulalia, pamba kubwa moja, vibana kitovu viwili au uzi safi, wembe mpya mbili ambazo hazijafunguliwa, na mabomba mawili ya sindano. Vya nyumbani: kanga au vitenge visivyopungua vinne, beseni, sabuni ya mche, pedi au vitambaa laini, nguo mbili za mtoto, kofia na soksi, tochi, chupa ya chai, unga wa uji na sukari. Kadi ya kliniki iwe juu kabisa.

Vinunuliwe kidogokidogo kuanzia mwezi wa tano na vikamilike wiki ya 36. Mfuko uning'inizwe mahali watoto hawafiki. Glavu zina tabia ya kugeuka maputo, na wembe kunyolea.

Kuhusu kanga, lichukulie jambo hili kwa uzito kuliko linavyoonekana. Wapo wanawake wanaobaki nyumbani kwa sababu moja tu: hawataki kuonekana wodini na kanga zilizochakaa na mtoto aliyefungwa gauni la dada yake. Hawatakuambia hivyo. Watasema "uchungu ulikuja ghafla." Kanga kuukuu iliyofuliwa kwa sabuni, ikaanikwa juani na kupigwa pasi ni safi kwa mtoto kuliko mpya iliyotoka dukani na vumbi lake. Mwambie hivyo, na kama kuna kikundi cha akina mama, kiwe na seti moja ya vifaa vya kuazima na kurudisha. Muuguzi anayemsema mjamzito kwa sababu ya nguo amewafukuza wengine watano ambao hatawaona kamwe.

Usafiri

Andika namba za waendesha bodaboda wawili, si mmoja, na wote wawe wamekubali bei ya mchana na ya usiku mbele ya mwenyekiti. Kisha wapigie siku moja saa saba usiku, wiki kadhaa kabla. Asiyepokea, mbadilishe. Jaribio hilo halina gharama na linafichua zaidi kuliko ahadi za mchana. Uliza pia kama petroli ya kwenda na kurudi huwa ipo usiku. Kijiji kinachonunua kwa chupa kando ya barabara hakina mafuta baada ya muuzaji kulala.

Bodaboda inafaa mwanzoni mwa uchungu. Ukiwa umekolea, mama hawezi kukaa, na barabara ya mashimo ni mateso. Hapo ni bajaji, gari au machela. Machela ya kijiji iwe na mahali inapojulikana, na kamba zake zikaguliwe. Ile iliyofungiwa ofisini na ufunguo uko kwa mtendaji aliyekwenda wilayani haina kazi.

Kwa dharura kuna mfumo wa m-mama, ambao serikali iliuanza kuueneza nchi nzima mwaka 2022. Namba ni 115, haina malipo. Anayepokea huuliza hali ya mgonjwa na mahali alipo, kisha hutuma gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Dereva huyo hulipwa na mfumo, kwa hiyo familia isimlipe. Mpango ni wa wajawazito wenye dharura, waliojifungua na watoto wachanga. Usiutegemee kama teksi ya uchungu wa kawaida. Ukipiga, sema mambo haya kwa mpangilio: jina la kijiji, kata na kitongoji, alama inayoonekana usiku, kama mnara, shule au msikiti, umri wa mimba, dalili, na namba itakayobaki wazi. Kisha mtu mmoja akasimame barabarani na tochi. Gari nyingi huchelewa zikizunguka kutafuta nyumba.

Penye maji, hesabu upepo. Vijiji vya pwani ya Ziwa Tanganyika kusini mwa Kigoma vinategemea boti, na ziwa likichafuka hakuna anayeondoka hadi litulie. Vivyo hivyo mito ya msimu wakati wa masika, kati ya Machi na Mei: inaweza kupitika asubuhi na isipitike jioni. Kanuni rahisi ni hii: ikiwa safari nzima, pamoja na muda wa kusubiri usafiri, inazidi saa mbili, au kuna maji ya kuvuka, au mama ana kidokezo cha hatari, usipange kusafiri na uchungu. Ahamie karibu na kituo kabla.

Chigonela

Hospitali nyingi na baadhi ya vituo vya afya vina nyumba ya kusubiria wajawazito, ambayo sehemu nyingi huitwa chigonela. Mama huhamia hapo wiki mbili au tatu kabla ya tarehe, yaani wiki ya 37 au 38. Mwenye mapacha au kovu la upasuaji huelekezwa aende mapema zaidi. Pasipo chigonela, nyumba ya ndugu au chumba cha kupanga karibu na hospitali hufanya kazi ileile.

Kabla ya kumshawishi aende, nenda kaitazame. Kuna kitanda na chandarua? Mlango unafungwa kwa ndani? Jiko ni la kuni za nani? Choo kiko umbali gani usiku? Je, muuguzi huwapitia kila siku kupima presha na mapigo ya mtoto, au wamesahauliwa kule nyuma? Nyumba nyingine ziko tupu miezi yote kwa sababu mama mmoja alikaa siku kumi bila kuangaliwa na habari zikafika kijijini kabla yake.

Hata chigonela nzuri hukataliwa, na sababu kubwa ni watoto wanaobaki nyumbani. Mwenye mimba ya kwanza huenda kirahisi. Mwenye mimba ya sita, ambaye ndiye mwenye hatari, anaacha watano: nani atawapikia, nani atachota maji, nani atalinda mahindi dhidi ya ngedere? Ushauri usiojibu maswali hayo ni kelele tu. Kaeni na wifi, bibi au jirani, mgawane kwa majina: fulani atalala na watoto, fulani atapika, mume atafanya hiki. Chakula cha wiki tatu kipimwe na kuwekwa kabisa. Mama mzima asiye na shughuli hula kama kilo nne za unga kwa wiki, pamoja na maharage na dagaa. Asipokuwa nacho atarudi.

Na wengi hurudi pia kwa kosa la tarehe. Anakwenda akiambiwa wiki mbili, anakaa tano, unga unaisha, anaaga kwamba anakwenda kuchukua chakula, na uchungu unamkuta nyumbani. Ndiyo faida ya kazi ile ya mwanzo ya kuulizana habari za Idi na mbelewele. Pangeni mtu wa kupeleka chakula wiki ya tatu, ikibidi.

Uchungu ukianza

Mwenye mimba ya kwanza anayeishi karibu anaweza kungoja hadi uchungu uje kila baada ya dakika 5 na kudumu karibu dakika moja. Anayeishi mbali aondoke ukiwa wa kila dakika 10. Aliyezaa tayari aondoke mara unapoanza kuja kwa mpangilio, hasa kama aliyepita alitoka haraka. Chupa ikipasuka, safari, hata bila uchungu.

Dalili hizi hazisubiri chochote, ziwe mwezi wa sita au wa tisa: damu ukeni, kichwa kuuma sana au macho kuona giza, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, mtoto kuacha kucheza au kupunguza kucheza, maji yenye harufu mbaya au rangi ya kijani, kitovu au mkono wa mtoto kutangulia. Piga 115 na wakati huohuo anzeni kusogea barabarani.

Dawa za miti shamba za kuongeza uchungu ziachwe kabisa. Hufanya mfuko wa uzazi ukaze kwa nguvu isiyopimika, mtoto hukosa hewa, na mfuko unaweza kupasuka. Kwa aliyewahi kupasuliwa hatari ni kubwa zaidi. Kama ameshakunywa, aseme kituoni, na muuguzi asimkaripie, maana akikaripiwa anayefuata ataficha.

Mkunga wa jadi na faini

Akina mama humwendea mkunga wa jadi kwa sababu yuko karibu, anapokea kuku badala ya fedha, na anawaita "mwanangu". Kumtishia humfanya afanye kazi kwa siri, tena akichelewa kutoa rufaa kwa kuogopa kukamatwa. Mpe kazi ya kusindikiza, na kijiji kikubaliane malipo yake kwa kila mama anayemfikisha kituoni. Kituo kimruhusu aingie na mama wake. Ukimfukuza getini mbele ya watu umempoteza yeye na ukoo mzima.

Sheria ndogo za kutoza faini anayejifungulia nyumbani zinaongeza idadi kwenye taarifa, hilo ni kweli. Pia huongeza kitu kingine: mama aliyejifungulia nyumbani haleti mtoto kwa chanjo hadi apate fedha ya faini, au anasema alijifungulia njiani. Mwenyekiti mwenye busara huuliza kilichomkwamisha kabla ya kumwandikia. Jibu likiwa "zahanati ilifungwa", faini ni ya nani?

Na ikiwa sababu ni matusi au makofi ya mhudumu, lipelekwe kwenye kamati ya afya ya kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi, likiwa na tarehe na zamu. Kumtembeza mjamzito wodini wiki ya 34, akamjua muuguzi kwa jina, hupunguza hofu kwa pande zote mbili.

Mtoto akija kabla hamjafika

Msivute kitovu. Mkaushe mtoto kwa kanga kavu, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mfunike kichwa, anyonye mara moja. Kama kituo kiko karibu, kitovu kisikatwe. Kondo likitoka lifungwe pamoja na mtoto, muendelee na safari. Kama ni mbali, fungeni uzi safi vidole viwili kutoka tumboni na mwingine vidole vitano, mkate katikati kwa wembe mpya. Pasipakwe kitu: si majivu, si mafuta, si samadi.

Mama akilowesha pedi au kitambaa kizima ndani ya dakika tano, au nusu saa imepita bila kondo kutoka, hiyo ni dharura. Alale, akojoe kama anaweza, mtoto aendelee kunyonya, na simu ya 115 ipigwe.

Hata mambo yakienda vizuri, mama na mtoto wafike kituoni ndani ya saa 24 kwa uchunguzi na chanjo ya BCG (ya kifua kikuu), kisha waangaliwe tena siku ya tatu, wiki ya pili na wiki ya sita. Mtendaji wa kijiji apewe taarifa ili kizazi kiandikishwe, na WAJA aandike kwenye daftari lake saa uchungu ulipoanza, saa walipoondoka, na kilichowachelewesha katikati.